Wengi Wape, na Wachache Je?

Msafiri ashukaye na maji ya mto Danube, akiuacha nyuma mji wa Vienna pamoja na minara ya makanisa yake, huona upande wake wa kuume, karibu na bandari ya Freudenau, kuba nyeupe iliyosimama ukingoni, na katika kishubaka chake sanamu ya Buddha iliyopakwa dhahabu. Ni pagoda ya amani, iliyojengwa mwaka 1983 na watawa wa jamii ya Kijapani iitwayo Nipponzan Myohoji, ambao kiongozi wao, mtawa Nichidatsu Fujii, aliazimia, baada ya miji ya Hiroshima na Nagasaki kuteketezwa, kusimamisha majengo ya namna hii katika nchi za dunia. Waendesha baiskeli hupumzika pale, wageni hupiga picha, na mwenyeji akiulizwa habari za Wabudha wa nchi yake aghalabu huelekeza kidole kwenye pagoda hiyo, kana kwamba ndiyo yote yaliyopo. Walakini mwaka ule ule wa 1983 lilipita jambo jingine, lisilo na kuba wala dhahabu, ambalo kwa mizani yangu lina uzito zaidi: tangazo katika gazeti la sheria la dola lilieleza ya kuwa Wabudha wa Austria, kundi dogo lililozungukwa pande zote na Wakatoliki, wametambuliwa na serikali kuwa jamii ya dini mbele ya sheria, kama walivyotambuliwa Waprotestanti na Wayahudi kabla yao. Hakuna nchi nyingine ya Ulaya Magharibi iliyokuwa imewatendea Wabudha hivyo.

Msomaji asidhani kwamba kutambuliwa huko ni heshima ya maneno matupu. Katika Austria dini iliyotambuliwa ina haki ya kuwafundisha watoto wake dini yao ndani ya shule za serikali, na mwalimu hulipwa mshahara kutoka hazina ya dola. Wahudumu wake huingia magerezani, hospitalini na katika kambi za askari kuwatazama watu wao. Na michango ya waumini huzingatiwa katika hesabu ya kodi. Wabudha walianza kufundisha shuleni mwaka 1993, na kwa kuwa ni nadra kupata watoto wa kutosha katika shule moja, hukusanywa kutoka shule mbalimbali wakaketishwa darasa moja: mtoto ambaye mama yake ni Mthai, mtoto wa waliokimbia vita vya Vietnam, na mtoto wa Vienna halisi ambaye babu na bibi zake wote walibatizwa kanisani. Alama ya somo hilo huandikwa katika cheti chao pamoja na ya hesabu na ya Kijerumani. Hata mauti nayo yamefikiriwa, kwani mwaka 2005, katika makaburi makuu ya Vienna, lilifunguliwa eneo la Wabudha, na katikati yake ikasimamishwa stupa, yaani jengo takatifu la kuba la Kibudha.

Mambo haya hayakuzuka ghafla. Nchi hiyo ilitawaliwa kwa karne nyingi na ukoo wa Habsburg, uliojiona kuwa ngao ya Kanisa la Roma, na raia asiyekuwa Mkatoliki alikuwa ama akifukuzwa ama akiificha imani yake. Mwaka 1781 Kaizari Joseph II alitoa hati ya kuwavumilia Waprotestanti na Waorthodoksi, akawaruhusu kujenga nyumba za ibada kwa masharti ambayo leo ni shida kuyasoma bila kutabasamu: nyumba hizo zisiwe na mnara, zisiwe na kengele, wala mlango wake usielekee njia kuu. Yaani, mwabuduni Mungu wenu, lakini tusiwaone wala tusiwasikie. Sheria ya msingi ya mwaka 1867 ikampa kila mtu uhuru wa imani, ila ikawagawa waumini mafungu mawili: walio katika dini iliyotambuliwa, ambao waliruhusiwa kuabudu hadharani, na wasiotambuliwa, ambao ruhusa yao ilikoma kizingitini mwa nyumba zao.

Ndipo mwaka 1874 ilipotungwa sheria ya kuonyesha njia ya kutoka fungu la pili na kuingia la kwanza, na sheria hiyo, kwa uchache wa maneno yake na kwa insafu iliyomo ndani yake, nathubutu kuisifu hata leo. Iliuliza mambo mawili tu. Kwanza, je, mafundisho ya dini hiyo, ibada yake, kanuni zake na jina lake, vina lolote lililo kinyume cha sheria au linalochukiza maadili? Pili, je, ipo walau jumuiya moja ya waumini iliyo imara, ambayo yatarajiwa kudumu? Haikuuliza, nyinyi ni wangapi? Kwa njia hiyo waliingia makundi madogo madogo ya Wakristo, na kwa njia hiyo, baada ya zaidi ya miaka 100, wakaingia Wabudha. Waislamu walipata sheria yao wenyewe mwaka 1912, miaka minne baada ya dola hiyo kuitwaa Bosnia, ingawa kwa namna ya ajabu kidogo; kwani sheria ilitaja Uislamu wa madhehebu ya Hanafi peke yake, ambayo ndiyo madhehebu ya Wabosnia, hata Mshafii wa Lamu au Muibadhi wa Maskati, lau angalifika Vienna akadai haki yake kwa sheria hiyo, angaliambiwa kuwa Uislamu wake haumo kitabuni. Maneno hayo yalidumu hadi mwaka 1987, Mahakama ya Katiba ilipoyafuta.

Na hao Wabudha walitoka wapi? Wa kwanza hawakuja kwa merikebu, bali walitokea katika maktaba. Karl Eugen Neumann, mzaliwa wa Vienna wa mwaka 1865, mwana wa mkuu wa nyumba za michezo ya kuimbwa, alikuwa kijana mtumishi wa benki mjini Berlin alipokutana na vitabu vya mwanafalsafa Schopenhauer, aliyewasifia Wazungu hekima ya Bara Hindi. Akaiacha biashara ya fedha, akajifunza lugha ya Pali, ambayo ndiyo lugha ya maandiko ya kale ya Wabudha wa Ceylon, na mwaka 1894 akasafiri hadi Bara Hindi na Ceylon kuwaona kwa macho watu wa dini aliyoijua kwa karatasi tu. Aliporejea Vienna aliketi akafasiri, na baina ya mwaka 1896 na 1902 akatoa kwa Kijerumani hotuba za Buddha za urefu wa kati, kazi ambayo waandishi Thomas Mann na Hermann Hesse waliisoma na kuitukuza. Kisha mwaka 1906 benki ilianguka ikaizamisha mali yake, na yule aliyeikimbia benki katika ujana akafukarishwa na benki katika utu uzima. Alifariki mwaka 1915, siku ile ile aliyotimiza miaka 50. Sina shaka kwamba yeye peke yake aliwafikishia Wajerumani na Waaustria mafundisho ya Buddha kuliko wahubiri 100, naye hakuhubiri popote.

Baada yake yakaja maafa ya vita na ya Manazi, na mwaka 1949, mji wa Vienna ukiwa bado chini ya majeshi ya mataifa manne, ikaanzishwa tena jamii ya Wabudha, ambayo kwa miaka mingi iliongozwa na Fritz Hungerleider, mtu aliyelazimika kukimbilia Shanghai Manazi walipoitwaa nchi yake. Nataja habari zake kwa sababu watu hupenda kuwadhihaki Wabudha wa Kizungu kwamba ni matajiri walioshiba wakatafuta burudani ya roho. Mtu huyu alifika Mashariki akiwa mkimbizi. Miaka ya sabini na iliyofuata ikawaleta Wabudha wa namna nyingine, waliozaliwa katika dini hiyo: Wavietnam, Wathai, Wachina, Watibeti, watu wa Sri Lanka, ambao hawakumsoma Schopenhauer wala hawakuhitaji kumsoma.

Makundi haya mawili yalitakiwa na sheria yawe kitu kimoja, na hapa ndipo panapoonekana gharama ya kutambuliwa. Ubudha hauna papa wala askofu mkuu. Mtawa wa Kithai humtazama mwalimu wa Zen kama jirani aliye mbali, na wote wawili huwatazama malama wa Tibet na matarumbeta yao marefu kwa mshangao fulani. Lakini dola haiwezi kuzungumza na upepo. Dola hutaka kanuni zilizoandikwa, daftari ya wanachama, mwenyekiti wa kutia sahihi na anwani ya kupelekea barua. Na anwani hiyo ilipatikana katika nyumba nambari 16 ya mtaa wa Fleischmarkt, katikati ya Vienna, ambamo madhehebu yanayotengwa na bahari na karne nyingi huko Asia yamepanga chini ya paa moja, haya juu na hayo chini. Mimi naona kwamba jambo hilo limewafaa. Katika Asia yenyewe ni mara chache mtawa wa Theravada, madhehebu ya Wathai, na padri wa Zen kukaa meza moja wakakubaliana mtoto wa miaka saba afundishwe nini juu ya Buddha. Katika Vienna walilazimika kukubaliana, maana muhtasari wa masomo ulitakiwa wizarani. Hata hivyo haifai kuficha kwamba uongozi wa jamii hiyo aghalabu umekuwa mikononi mwa Waaustria wazaliwa, wajuao sheria na lugha ya ofisini, ilhali mama wa Kithai anayetaka mtawa amwombee dua nyumba yake mpya humwendea mtawa wa kwao, na yamkini hajui hata kwamba iko daftari ambamo jina lake lingeandikwa.

Sasa nifike kwenye shina la makala haya. Mwaka 1998, miaka 15 tu baada ya Wabudha kuingia, sheria mpya ya Bunge la Austria ilianza kutumika. Sababu yake ilikuwa dhahiri kwa kila mtu: Mashahidi wa Yehova walikuwa wakibisha hodi tangu mwaka 1978, serikali haikutaka kuwafungulia, na mahakama zilikuwa zimeanza kuichoka serikali. Kwa hiyo ikabuniwa daraja ya chini, ya jumuiya za imani zilizoandikishwa, ambayo kundi lenye watu 300 laweza kuipata, lakini isiyo na somo la shuleni wala haki nyingine nyingi nilizozitaja. Na kuhusu daraja ya juu ikaamriwa kwamba kundi liwe limekuwapo kwa miaka 20, na ya kwamba wafuasi wake wasipungue watu wawili kwa kila elfu ya wakazi wote wa nchi.

Tupige hesabu. Kwa sensa ya mwaka 2001 Austria ilikuwa na watu milioni 8 na kidogo, kwa hiyo kizingiti kilikuwa watu 16,000 hivi. Wabudha walioandikwa katika sensa hiyo walikuwa 10,402. Yaani lau wangalichelewa, lau wale wazee wa Vienna wangaliona uvivu wa kuandika barua na kuirudia, kundi lile lile, lenye vitabu vile vile na adabu ile ile, lingaliambiwa kwamba halijafikia kiasi cha kuitwa dini kamili. Je, ni kitu gani kilichobadilika katika mafundisho ya Buddha baina ya mwaka 1983 na 1998? Hakuna. Kilichobadilika ni kimo cha kizingiti, nacho kilipandishwa na watu waliokwisha kuingia ndani.

Na kwamba kipimo hicho hakikuwa kipimo, serikali yenyewe ilitoa ithibati. Wakopti wa Austria, Wakristo wenye asili ya Misri, waliokuwa chini kabisa ya idadi hiyo, walitambuliwa mwaka 2003 kwa sheria ya pekee, kwa kuwa hakuna aliyewaogopa. Ilhali Mashahidi wa Yehova, waliokuwa wengi kuliko wao mara nyingi, waliambiwa wangoje miaka yao itimie. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, mjini Strasbourg, iliukuta mfano huo wa Wakopti ikaushika, na mwaka 2008 ikaihukumu Austria kuwa imekosa. Mwaka uliofuata Mashahidi wakatambuliwa. Majirani wa Austria, Wahungaria, walifanya vibaya zaidi: sheria ya mwaka 2011 ilifuta hadhi ya makanisa na jamii za dini zaidi ya 300 ikabakiza 14, na katika hizo 14 hapakuwa na hata moja ya Kibudha, ingawa mjini Budapest kulikuwa na chuo cha Kibudha tangu mwaka 1991; mwaka 2012 orodha ikaongezwa na Wabudha wakarudishwa, si kwa haki iliyoandikwa bali kwa kura ya wabunge.

Mtetezi wa kipimo cha idadi atasema kwamba dola lazima ijilinde, kwani pasipo kizingiti kila mlaghai atajivika kanzu, aanzishe dini sebuleni kwake, na adai msamaha wa kodi. Hoja hiyo ni nzito, nami siidharau, hasa nikiwa mtu wa nchi ambamo manabii wa kuuza maji ya baraka hawajaisha. Lakini hesabu ya vichwa haimzuii tapeli hata kidogo, kwa kuwa tapeli hodari ndiye mwenye wafuasi wengi. Humnyima haki mtu mkweli aliye mpole, asiyejua kuvuta umati. Kinachomzuia tapeli ni yale maswali mawili ya mwaka 1874, yakiulizwa kwa makini na yakirudiwa kila inapolazimu. Hebu na tujaribu kipimo hicho nyumbani. Upanga, Dar es Salaam, lipo hekalu la Kibudha lililoanzishwa na Wasinhala waliohamia zama za ukoloni, na uwanjani mwake umepandwa mti wa jamii ya ule ambao Buddha husemwa kuwa aliketi chini yake alipopata nuru. Kwa watu wawili katika kila elfu, na kwa sensa ya mwaka 2022 iliyoikuta Tanzania na watu zaidi ya milioni 61, hekalu hilo lingehitaji waumini zaidi ya 120,000 ili liitwe dini. Hata wangejibana mpaka juu ya paa, Upanga nzima isingewatosha.

Kuna wasemao kwamba Wabudha wa Ulaya hawana haja ya ulinzi wa sheria, kwa sababu wanapendwa. Ni kweli kwamba wanapendwa. Mwaustria mashuhuri Heinrich Harrer, kwa kitabu chake cha miaka saba katika Tibet, aliwafanya watu wa nchi yake wamwone Dalai Lama kama jamaa wa mbali, hata ilipobainika mwaka 1997 kwamba mwandishi huyo alikuwa zamani katika kikosi cha SS cha Manazi mapenzi hayo hayakupungua. Sanamu ya Buddha huuzwa katika maduka ya maua, huwekwa bustanini kando ya majani, huwekwa katika hoteli za kuogea na kukandwa mwili, na mwenye bustani hana habari na mafundisho yake wala haulizwi. Lakini mapenzi hayo yalipimwa katika mji mdogo wa Gföhl, katika jimbo la Austria ya Chini, Wabudha walipotaka kujenga stupa kubwa, itakayoonekana kwa mbali. Mwaka 2012 wakazi waliulizwa kwa kura, na walio wengi wakasema hapana. Buddha wa bustanini alikuwa mgeni mwema, kwa maana hakudai kitu; Buddha mwenye kiwanja, jengo refu na waumini wanaokuja Jumapili alikuwa jambo jingine, na katika kura ile sikio langu linaisikia tena sauti ya Kaizari Joseph, kwamba mnara usiwepo na mlango usielekee njia. Stupa hiyo haikujengwa Gföhl. Ilikuja kusimama Grafenwörth, katika jimbo lile lile, ambako iko hadi leo, wala sijapata kusikia kwamba Grafenwörth imeharibikiwa.

Wahenga wetu walisema wengi wape, nao walisema hivyo wakijua hatari ya kushindana na umati, si kwa kudhani kwamba umati una haki siku zote. Kura ya wengi yafaa kuamua daraja lijengwe wapi na kodi ya soko iwe kiasi gani. Ikiachiwa kuamua nani aabudu hadharani na nani ajifungie chumbani, hapo sheria imejiuzulu kazi yake. Ndiyo maana nasema kwamba jambo kubwa la mwaka 1983 lilikuwa lile tangazo la gazetini: kura yoyote ya Gföhl haiwezi kulifuta, mwalimu wa dini ataingia darasani kesho kama alivyoingia jana, na mama wa Kithai, awe ameandikishwa daftarini au hakuandikishwa, mwanawe anacho kiti.

Kwa hesabu ya mwaka 2021 Wabudha wa Austria walikuwa wamefika 26,600 hivi, na wangekivuka kizingiti kile bila shida, kwa hiyo wao hawana tena la kuogopa. Bunge la nchi hiyo lingefanya insafu kukifuta kifungu cha watu wawili kwa kila elfu na kurudi kwenye maswali mawili ya mwaka 1874, maana wako wanaoumia hivi sasa. Wafuasi wa dini ya Kihindu, ambao wazee wa pwani yetu waliwaita Mabaniani, walikuwa katika hesabu hiyo hiyo 10,100, karibu sawasawa na idadi ya Wabudha ya mwaka 2001. Wao waliandikishwa katika daraja ya chini mwaka 1998, na wangali humo.